Bugeshi Usiwape Saa

Gisenyi, Jumanne

Mama Zaina,

Cherehani ya Vestine nimeirudisha kituoni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata sijakaa, na kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka mpaka karatasi iishe. Niliibeba mwenyewe kutoka Bugeshi, mapajani, juu ya pikipiki, imefungwa kwenye kitenge cha mama yake. Kila tukiruka jiwe, ule mkono wake wa kuzungushia ulinigonga tumboni. Nikasema moyoni, piga, piga zaidi.

Nakuandikia kwenye karatasi ya kaki, ile tunayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Usinikaripie. Ni kipande kilichobaki tu, na sikukikata kwa mkasi wako. Mkasi wako Zaina alinipa siku ya arobaini, mbele ya shangazi zake wote, akasema, "Mama alisema ni ya Josiane." Mpaka leo haujagusa karatasi. Katika yote uliyonifundisha hilo sijalivunja, na nikihesabu vizuri naona huenda ni hilo peke yake.

Mvua hizi ni za pili tangu uondoke. Kwenye duka lako karibu na msikiti sasa wanauza makava ya simu. Ukutani, pale ulipotundika nguo za wateja, wametundika makava ya pinki na ya dhahabu, na redio inapiga kelele kutwa. Mimi napita upande wa pili wa barabara. Siku ya mazishi yako nilibaki uani na wanawake, kama ilivyo desturi yenu, nikawasikia wanaume wakiondoka na jeneza. Unajua niliwaza nini? Mungu anisamehe. Niliwaza kwamba ni Jumanne, na saa kumi wanafunzi watakuwa wanangoja bip.

Mtu mwingine akiiokota karatasi hii hataelewa bip ilikuwa nini kwetu. Wewe unajua, lakini acha niisimulie tena, maana hapo ndipo penye raha kidogo katika barua hii, na mbele haipo.

Uliichukia simu. Shule zilipofungwa na mpaka wa Goma ukafungwa, mkurugenzi wa kituo chetu cha mafunzo alituambia darasa la ushonaji litaendelea kwa simu. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kushona ni mukono, haiko mudomo," ulimwambia. "Sasa mi nitashika mukono ya mutu ndani ya telefone namna gani?" Ukakaa siku tatu husemi na mtu. Siku ya nne ukanikalisha mbele ya cherehani, ukaanza kunieleza mambo ambayo tangu hapo sijayasikia kwenye semina yoyote ya kufundisha kwa mtandao, na semina nimekaa nyingi, zenye chai na maandazi.

Kwanza, bip. Kabla ya somo ulimpigia kila mwanafunzi, simu inalia mara moja, unakata. Maana yake, toa sindano. Naye anakupigia, inalia mara moja, anakata. Maana yake, nimekaa, sindano iko mkononi. Walikuwa kumi na wanne, wa Kanzenze, wa Bugeshi kule mpakani na wa hapa mjini, na hukufungua mdomo mpaka wote wamejibu. Ulikuwa unakunja kidole kwa kila mlio, na vidole vikiisha unahamia kwenye vyangu. Mimi niliona tunapoteza muda. Nilikuwa naukodolea ukuta macho huku umenishika kidole gumba.

Pili, picha ya nguo kwa nje hukuitaka. "Inje kila mutu anapiga pasi. Mi nataka kuona ndani." Kwa hiyo mwanafunzi aligeuza shati, akapiga picha ya mishono ilivyolala kwa ndani, na hapo hapakuwa na uongo tena. Mtu angeweza kuazima shati la jirani ambalo limeshonwa na fundi, lakini kwa ndani ulijua mkono wa kila mmoja. Ulikuwa unasema huyu alishona akiwa na hasira, huyu uzi wake ulikuwa unakaribia kwisha.

Tatu, ile ya kukosa macho, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwanafunzi anakutumia sauti akikueleza hatua moja, nawe unashona vilevile alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, halafu unamtumia picha ya kilichotoka. Ulinifanyia mimi kwanza, kunionyesha. Nilikwambia, "Chukua mkono, shona kwenye bega." Ukachukua mkono wa shati ukaushona juu ya bega, bapa, ukaning'inia kama sikio la mbwa. Halafu ukalivaa shati hilo ukaenda nalo kununua uzi! Watu wanakusalimia macho yakiwa begani. Uliporudi nilikuwa nimejikunja chini kwa kicheko, machozi yananitoka. "We ulisema bega, mi niliweka bega." Tangu siku hiyo sijataja mkono wa shati bila kutaja ukingo upi, upande upi, na unaanzia wapi.

Kwa njia hiyo ndivyo tulivyomjua Vestine. Mguu wake ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, kushuka mpaka mjini kila juma hakuweza, na cherehani ya kukanyaga haikumfaa, ndiyo maana kituo kikamwazima ile ya mkono. Sharti lilikuwa lilelile kwa wote: ukifaulu mtihani wa mwisho mashine inakuwa yako, usipofaulu inarudi. Kwa msichana anayeishi na mama yake chini ya volkano, mguu hauwezi kulima viazi, mashine ile ilikuwa ndiyo shamba lake.

Unakumbuka sauti yake ya kola. Bila shaka unakumbuka. Ulifumba macho kweli, nikawa nakuongozea kitambaa kisikuponyoke, ukashona kola nzima kwa maneno yake tu. Ilipogeuzwa, ncha zote mbili zilitoka kali na sawasawa. Ukaipiga ile sauti dukani kwa kila aliyeingia, hata kwa mama aliyekuja kupunguza sketi na hana haja na kola. "Musikie mutu anafundisha." Halafu ukanigeukia ukicheka: "Huyu njo atakaa pa kiti yangu, haiko we." Nilicheka pia. Lakini nitakwambia leo kwa kuwa huwezi kunijibu. Iliniuma. Nilikuwa nimekaa na wewe miaka sita, nimekupikia chai, nimekuvutia uzi, na mtu ambaye hujawahi kumwona uso akapewa kiti.

Halafu ukaugua, na siku ile hospitalini ukanishika mkono ukasema mambo mawili. La kwanza, "Vestine asibakie mu njia." La pili, "Bugeshi usiwape saa. Wape bip." Nikaitikia, ndiyo Mama, ndiyo Mama. La kwanza nililielewa. La pili niliona ni mambo yako tu, mambo ya watu wazima wasiopenda saa za simu.

Ulipoondoka, kituo kilipata mfumo mpya. Sitausema vibaya bure, una mambo mazuri. Video zinakaa humo, mwanafunzi anaweza kuitazama mara kumi. Lakini somo la moja kwa moja lina mlango. Mlango unafunguka saa kumi kamili, na robo saa baadaye unajifunga wenyewe. Ukikuta umefungwa, mfumo unaandika "hakuhudhuria". Mara ya tatu unakutoa kwenye orodha ya mtihani. Mkurugenzi alifurahi sana, alisema, "Bon, sasa hata bip haiko na maana. Système inawaita yenyewe." Na ni kweli, ulikuwa unawatumia ujumbe: somo, Jumanne, saa kumi.

Nikaacha bip. Sitasingizia mtu, niliiacha mwenyewe, kwa furaha. Nilipata nusu saa nzima ya kunywa chai.

Jumanne ya kwanza Vestine hakuonekana. Saa kumi na moja na dakika mbili, nimeshazima kila kitu, simu yangu ikalia mara moja ikakatika. Nikatazama: Vestine. Nikasema, ndiyo kwanza anaamka huyu. Kesho yake nikapata sauti yake: "Madamu, mi nilikuya, nikakuta mulango imefungwa." Nikamjibu awahi.

Jumanne ya pili hivyohivyo. Saa kumi na moja na dakika mbili, mlio mmoja. "Madamu, pardon, saa kumi nilikuwa hapa, nilikuwa na sindano." Safari hii nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia, "Vestine, unachezea mashine ya watu." Nilimwambia Mama Zaina alimdekeza sana. Ndiyo, nilitumia jina lako.

Jumanne ya tatu niliiona saa kumi na moja ikifika, nikaiweka simu mezani nikaingoja. Ikalia mara moja. Ningeweza kumpigia. Ningeweza kumuuliza, wewe mtu ambaye hujawahi kuchelewa hata siku moja, kuna nini? Sikumpigia. Na pale chini kabisa moyoni, mahali nisipopenda kupatazama, palikuwa na kitu kama kuridhika. Niliwaza, basi kumbe hata yule wa kiti naye ni mvivu.

Mfumo ukamtoa. Sikuandika neno hata moja kumtetea.

Wiki mbili zilizopita mkurugenzi alinituma nikaichukue mashine. Niliwakuta nje, mama yake anachagua viazi vya mbegu, Vestine amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooka mbele. Walikuwa wameshaifunga kwenye kitenge, tayari. Hawakunigombeza. Ningependa wangenigombeza. Mama yake aliniletea maziwa, akaniuliza habari za watoto, na mimi watoto sina. Vestine alinipa shati la mtihani, lile ambalo hakupata nafasi ya kulionyesha. Alikuwa amelikunja likiwa limegeuzwa, ndani nje, kama ulivyowafundisha. Mama Zaina, sijui nikuambie nini kuhusu mishono ile. Ungekuwepo, ungelionyesha shati lile kwa kila aliyeingia dukani.

Nikatazama simu niseme muda umekwenda, dereva ananingoja. Yangu ilisema saa saba na nusu. Simu ya Vestine, ile yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa kwenye kigoda ubavuni kwake. Ilisema saa sita na nusu.

Nilidhani imeharibika. Nikamuuliza, akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. "Huku antene ya Congo njo inatushika, Madamu. Simu inafwata saa ya Kinshasa. Sisi ni hii saa tunajua." Goma wenyewe, hatua mbili kutoka hapa kwetu, wanakwenda na saa yetu. Lakini simu haijui Goma, inajua Kinshasa. Na hata mtandao wetu ukirudi akaweza kufungua somo, saa ya simu ile kuukuu inabaki hukohuko nyuma. Nyumbani kwao hawana saa nyingine. Hawaihitaji, viazi havina saa kumi.

Kwa hiyo saa kumi yake ilikuwa kumi na moja yetu. Jumanne zote tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda hicho, amewahi, anasubiri ifike, halafu anafungua mlango na kukuta umefungwa. Na kila mara akafanya kile ulichomfundisha. Akapiga mlio mmoja. Nimekaa, Mwalimu, sindano iko mkononi.

Nilishindwa kumweleza. Nilichukua mashine nikapanda pikipiki.

Njia nzima nilikuwa na hasira na wewe. Nakwambia ukweli. Nilikusema kwa sauti, dereva akadhani naongea na simu. Kila mshono ulinipa sababu yake: pasi inatangulia kwa nini, kona inakatwa kwa nini, uzi unafungwa kwa nini. Hili moja ukanipa amri tupu. Bugeshi usiwape saa. Ungeongeza maneno matano tu! Ungesema, simu zao zina saa nyingine. Mashine ingekuwa kwa mwenyewe leo.

Nilikwenda kwa mkurugenzi siku hiyohiyo, bado nina vumbi. Nilimweleza yote, saa, mnara, Kinshasa, nikamwekea shati mezani limegeuzwa. Si mtu mbaya. Alilishika, alilitazama, nadhani hata alielewa. Akasema, "Josiane, système imeshafunga liste. Na mashini imeshaandikiwa mutu wa Kanzenze. Donc tufanye nini?" Nilitaka kupiga meza. Nikasema, ndiyo Directeur. Nikatia sahihi kwamba mashine imepokelewa ikiwa nzima.

Sasa nafundisha hivi: simu naifunga kwenye mgongo wa kiti kwa mpira wa sketi, nasema na kioo. Somo la kola lina maswali matano, mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya matatu. Wanafaulu vizuri sana. Juzi mmoja aliyefaulu yote alikuja hapa kituoni, nikampa kola aigeuze, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu wengine. Picha za ndani mfumo hauna mahali pa kuziweka. Ile ya kukosa macho niliijaribu mara moja, wanafunzi wakaandika kwamba mwalimu hajui kushona. Kiti chako nimekikalia mimi. Sikukitaka namna hii.

Ningeweza kumaliza hapa, nikubebeshe lawama, nikulaze nayo. Lakini kuna kitu kilinirudia jana nikipiga pasi.

Darasani ulikuwa na tabia moja. Ukisema jambo geni ulinyamaza, ukamtazama mwanafunzi. Ulikuwa unangoja aulize kwa nini. Akiuliza, unaeleza mpaka jua linatua. Asipouliza, huongezi kitu. "Kama hajauliza, hajafungua mukono. Utaweka wapi?" Hata kwa simu ulifanya hivyo, ulituma maneno mawili kisha ukangoja, hata robo saa, na mimi nikawa napiga miayo.

Hospitalini, uliposema Bugeshi usiwape saa, wape bip, ulinyamaza. Ulinitazama. Nakuona mpaka sasa, mto umekukunja shingo, macho hayapepesi. Ulikuwa unangoja. Na mimi nikasema ndiyo Mama, nikatazama simu yangu nione ni saa ngapi.

Basi, Mama Zaina. Nimefika mwisho wa karatasi, naandika pembeni.

Jumanne ya kwanza baada ya kutoka Bugeshi nilimpigia Vestine, saa kumi yetu, nikitaka ilie mara moja nikate. Haikulia. Wanasema namba haipatikani. Huenda simu imeharibika, huenda ameiuza, huenda amechoka kuiweka kwenye kigoda. Sina mashine ya kumpa, wala mtihani, wala cheti. Hata neno la kumwambia sina, akipatikana. Lakini ahadi uliitaka siku ile na nikakupa ya uongo, kwa hiyo chukua hii. Kila Jumanne, nikiwa hai, kabla ya kuanza somo ndani ya ule mlango wao, nitampigia kwanza yeye. Nitakaa, nitashika sindano, nitakunja kidole kimoja. Sitafungua mdomo mpaka nimengoja, kama ulivyokuwa unangoja wewe. Saa moja nzima nitangoja, na wakitaka kunifukuza wanifukuze.

Lala, Mwalimu wangu. Mkasi wako nimeupaka mafuta.

Ni saa kumi sasa. Nimempigia, na haikulia.

Josiane